Kitabu cha kumbukumbu cha darasa linalomaliza: kusanyeni kabla hamjatawanyika

Siku ya karatasi ya mwisho ya UNEB, Baraza la Mitihani la Taifa la Uganda, magodoro huwa yameshakunjwa tangu asubuhi. Mtihani ukiisha saa tano, saa saba bweni liko tupu: mmoja yuko njiani kwenda Arua, mwingine Kabale, wa tatu kapanda boda boda na sanduku lake mapajani. Kitabu kinachoanza kuandaliwa wiki hiyo hakimaliziki. Tunaosaidia madarasa ya S.4 na S.6 (kidato cha nne na cha sita) kutengeneza vitabu hivi tunaona jambo lile lile kila mwaka: pesa zipo na picha zipo, ila wenye kumbukumbu wameshaondoka.

Basi anzeni Februari. Muhula wa kwanza undeni kamati na mkubaliane juu ya pesa. Kumbukumbu na picha zikusanywe muhula wa pili, na zikamilike kabla ya mitihani ya moku, yaani ya majaribio, kwa maana ikishaanza hakuna atakayewaandikia hata mstari mmoja. Likizo inayofuata ni ya kupanga kurasa kwenye kompyuta. Mwanzoni mwa muhula wa tatu kazi iende kwa mpiga chapa. S.4 huanza UCE, mtihani wao wa taifa, Oktoba. S.6 wana hadi Novemba, lakini wiki hizo msizihesabu, ni za kusoma.

Kamati ya watu saba inatosha. Awemo mtu kutoka kila mkondo, wa bweni la wasichana, wa bweni la wavulana, na angalau mmoja wa kutwa. Wanafunzi wa kutwa husahaulika sana katika vitabu hivi, kana kwamba shule ilikuwa ya usiku tu. Mwalimu mlezi asome kila neno kabla halijachapishwa.

Kumbukumbu zenyewe

Hapa ndipo vitabu vingi vinapoharibika. Kila mmoja hupewa fomu ya kujaza jina, chakula anachopenda na ndoto yake ya baadaye. Mnapata watu 80 wanaopenda wali kwa kuku na wanaotaka kuwa madaktari. Baada ya miaka kumi fomu hiyo haimkumbushi mtu chochote.

Nunueni karatasi za manila, moja kwa kila muhula. Kutoka S.1 hadi S.4 ni mihula 12, kwa hiyo manila 12, S.5 na S.6 ni sita. Tundikeni moja nyuma ya darasa kwa siku tano, na biro ikining'inia kwa uzi pembeni. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, na kwa kazi hii simu haihitajiki: mtu akisoma alichoandika mwenzake, chake humjia hapo hapo.

Juu ya kila manila andikeni maswali mawili au matatu ya kuchokoza. "Mna kumbukumbu gani?" ni swali lisilo na mlango. Ulizeni: Usiku wa kwanza bwenini ulilala kitanda cha juu au cha chini, na nani alikuwa upande wa pili? Kengele yetu ilikuwa nini, ya shaba au ringi ya gari iliyotundikwa mtini? Siku gani maharage yalikuja bila chumvi? Nani alikuwa wa kwanza kuita wenzake "ndugu" baada ya somo la Kiswahili?

Sentensi kama "Tulikuwa na umoja na upendo" inaweza kubandikwa kwenye darasa lolote la shule yoyote. "Muhula wa pili wa S.2 tanki lilipasuka, tukachota maji bondeni kwa jerikeni za lita 10 kabla ya kengele ya saa kumi na moja" ni ya darasa moja tu. Kila mwandishi ataje kitu, mahali na wakati. Kikikosekana kimoja, mrudishieni karatasi yake kwa upole.

Watu watabishana kuhusu tarehe. Msipige kura. Angalieni tarehe kwenye madaftari ya zamani, barua za shule kwa wazazi na rejista ya darasa. Kisha nendeni kwa mpishi, matroni na askari wa getini. Mpishi anajua gunia la unga wa posho lilikuwa linaisha kwa siku ngapi mlipokuwa S.1 na linaisha kwa siku ngapi sasa, na hesabu hiyo inaeleza ukubwa wa shule kuliko hotuba ya mtu yeyote. Wapeni wafanyakazi hawa kurasa zao.

Darasa linalomaliza S.6 mwaka 2026 lina jambo la pekee. Wengi wao waliingia S.1 Februari 2020, wakasoma wiki chache tu, na tarehe 20 Machi shule zikafungwa kwa ajili ya korona. Walirudi kwa zamu mwaka 2021, zikafungwa tena Juni, na zikafunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Darasa hilo hilo ndilo lililofanya UCE ya kwanza ya mtaala mpya mwaka 2024. Ikiwa nyinyi ndio hao, msiruke kipindi cha kufungwa eti kwa sababu hamkuwa shuleni. Wekeni manila tupu yenye kichwa "Nyumbani", na kila mtu aandike alikuwa wapi, alifanya kazi gani, masomo ya redioni aliyasikiliza kwa redio ya nani.

Hapo ndipo mtakapokutana na majina ya wasiokuwepo tena. Ombeni orodha ya walioingia S.1, muilinganishe na ya wanaomaliza. Wapo waliohama, waliokosa karo, walioolewa au kupata mtoto, na pengine aliyefariki. Wote ni wa darasa hili. Watengeeni kurasa mbili: jina, miaka waliyokuwa nanyi, na jambo moja la kweli mnalowakumbukia. Sababu ya kuondoka msiiandike, hata kama kila mtu anaijua. Kumbukumbu ya marehemu isomwe kwanza na familia yake.

Picha

Tatizo kubwa la picha za shule zetu ni nyuso nyeusi zinazozama kwenye wino. Shati la sare ni jeupe, jua ni la saa sita, na kamera inapima mwanga wa shati. Uso unatoka giza, na karatasi isiyong'aa huongeza giza kwa kuwa wino husambaa kidogo ndani yake. Pigeni asubuhi, kati ya saa mbili na saa nne, kwenye kivuli cha baraza, mtu akitazama nje kwenye mwanga. Kwenye simu ya mwalimu, gusa uso kwenye skrini ili kamera ipime hapo. Kabla ya kuchapa, ng'arisheni uso hadi uonekane umezidi kidogo. Karatasini utakaa sawa.

Picha yenye upana wa sentimita 5 inahitaji pikseli 590 hivi kwa upana ili isikwaruze macho. Ikipitia WhatsApp kama picha ya kawaida hubanwa. Itumeni kama dokumenti, au muihamishe kwa fleshi iliyopimwa virusi kwanza.

Picha ya darasa zima iwekeni katikati kabisa ya kitabu. Kurasa mbili za katikati ni karatasi moja, kwa hiyo picha inavuka bila kukatika. Kwa watu 80 katika safu nne za 20, kila mmoja anapata zaidi ya sentimita moja ya upana, badala ya nusu sentimita na kidogo kwenye ukurasa mmoja. Pini za kufungia kitabu hupita hapo hapo kwenye mkunjo, basi acheni nafasi ndogo katikati ili asiwepo mtu wa kupigwa pini usoni. Majina yaandikwe palepale, safu kwa safu, kabla watu hawajatawanyika. Kesho yake hamtakumbuka.

Kurasa na uchapaji

Kurasa za kitabu cha pini huenda kwa nne: 40, 44, 48. Kwa watu 80 tunapendekeza ukubwa wa A5, kurasa 48 bila jalada. Sura za wanafunzi, wanne kwa ukurasa, zinachukua 20, kila mmoja na picha yake na maneno 30. Mihula 12 inachukua 12. Walimu na wafanyakazi 4, picha 4, michezo 2, walioondoka 2, kurasa tupu za sahihi 2, na 2 za mwanzo.

Hizo 48 ni karatasi 12 za A4 zilizokunjwa. Kunjeni karatasi 12 tupu muandike namba za kurasa kwa mkono, kisha mzifungue: mtaona ukurasa wa 1 uko pamoja na wa 48, wa 2 na wa 47. Jumla daima ni 49. Ikitoka nyingine, mmekosea mpangilio, na ni heri mlijue sasa. Karatasi za ndani hutokeza nje kidogo zikikunjwa, na mashine ya kukata huzila, hivyo msiweke maandishi karibu na ukingo kwa chini ya milimita 10.

Kama shule ina mashine ya riso ya kuchapia mitihani, gharama inashuka sana. Nakala 100 ni karatasi 1,200. Nunueni rimu tatu, na 300 zinazobaki ni za kuharibika, kwa maana zitaharibika. Wino wa riso hukauka polepole, basi chapeni upande mmoja, mlaze karatasi usiku kucha, kisha mgeuze. Jalada pekee ndilo mlipeleke mjini.

Mkienda Nasser Road, Kampala, ulizeni bei kwa wapiga chapa watatu na muwape wote maelezo yale yale kwa maandishi: A5, kurasa 48, ndani gramu 80 rangi moja, jalada gramu 250 rangi nne, pini mbili, nakala 100. Kwa idadi hiyo dijitali kwa kawaida ni nafuu kuliko ofseti, ambayo inahitaji bamba kwa kila rangi hata mkichapa nakala kumi. Pelekeni PDF yenye fonti ndani yake. Faili la Word hupangika upya kwenye kompyuta ya mwenzako, na herufi ŋ ya Kiganda hugeuka kiboksi. Daini nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ile ile, muisome watu watatu, ndipo mtie sahihi.

Gharama msiigawe kwa nakala. Igaweni kwa wanaoweza kulipa. Pesa ipitie kwa basari, mtunza fedha wa shule, kwa risiti.

Jina kila mtu aliandike na kulitilia sahihi mwenyewe, kwa mpangilio anaoutaka. Kosa la herufi moja kwenye jina huuma kuliko picha mbaya. Jina la utani lisiingie bila idhini ya mwenyewe. Namba ya mtihani ya UNEB isichapwe kamwe, kwa kuwa mwenye namba hiyo anaweza kutazama matokeo ya mwenzake kwa simu. Wengi wa S.4 wako chini ya miaka 18, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi, basi siku ya wazazi kutembelea shule andaeni fomu ya ukurasa mmoja. Namba za simu wekeni kwenye karatasi ya pembeni isiyofungwa ndani ya kitabu, pamoja na ya mzazi na jina la kijiji, kwa maana laini hubadilika.

Vitabu vikae kwa basari hadi karatasi ya mwisho ya mtihani, kisha vigawiwe getini. Zile kurasa mbili za sahihi zijazwe kwa biro. Kalamu ya jeli huchafua vidole na ukurasa wa pili. Nakala za walioondoka ziwe tayari kwenye bahasha, kila moja na jina, na kila moja ibebwe na mwanafunzi anayeishi senta (mji mdogo) moja na mwenye nayo.