“Mauaji ya maktaba” au “mauaji maktabani”? Kisa cha Halloween na mitego ya sarufi

SWALI: Naandika hadithi ya Kiswahili kuhusu mauaji yanayotokea usiku wa Halloween katika maktaba ya umma ya mji mdogo huko Massachusetts, Marekani. Si hadithi ya kutisha. Damu haimwagiki mbele ya msomaji, kuna paka, kuna chai, na mkutubi mdadisi ndiye anayemnasa muuaji kabla ya polisi. Nimeipa jina “Hadithi ya Mauaji ya Kuburudisha ya Maktaba”, lakini wenzangu wanalicheka. Kosa liko wapi? Halafu nachanganyikiwa kati ya mshukiwa, mtuhumiwa na mshtakiwa, na sijui yule kiumbe mwenye shuka jeupe nimwite mzimu au nani.

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wana haki ya kucheka. Jina lako linasema kwamba kuna mauaji yanayoburudisha, na kwamba aliyeuawa ni maktaba.

Tuanze na “ya”. Hadithi iko katika ngeli ya I-ZI, na mauaji katika ngeli ya YA. Ngeli hizi mbili hazihusiani, ila kwenye -a unganifu zote hutoa “ya”: hadithi ya, mauaji ya. Ukiandika “hadithi ya mauaji ya kuburudisha”, sarufi haimwambii msomaji kinachoburudisha ni kipi, naye huchukua nomino iliyo karibu, yaani mauaji. Kubadili “hadithi” iwe “riwaya” au “simulizi” hakusaidii kitu, maana zote ni za I-ZI. Dawa ni nomino ya ngeli nyingine. “Kisa” kinafaa mno: “kisa cha mauaji cha kuburudisha”. Hiyo “cha” ya pili haiwezi kuyaangukia mauaji hata msomaji akitaka.

Njia nyingine ni kutumia kivumishi kinachopokea kiambishi. “Hadithi nyepesi ya mauaji” haina utata, kwa sababu mauaji yangedai “mepesi”. Jihadhari tu na vivumishi visivyobadilika, kama safi na laini. “Hadithi ya mauaji safi” inakurudisha palepale.

Kuhusu jina la aina hii ya hadithi, Kiswahili kina “riwaya ya upelelezi”, lakini tawi hili la paka na chai halina jina lililozoeleka. Pendekezo langu ni “kisa chepesi cha upelelezi”. Ukitaja upelelezi badala ya mauaji, macho ya msomaji yanakwenda kwenye utafutaji, na huko ndiko utamu wa hadithi za namna hii uliko. Usijaribu kutafsiri ile hisia ya blanketi na moto wa kuni, ambayo Kiingereza huiita “cozy”, kwa neno “starehe”. Kwetu starehe ina harufu ya baa.

Sasa “mauaji ya maktaba”. Nomino inayokuja baada ya “mauaji ya” inaweza kuwa mtendwa au mtenda. “Mauaji ya mkutubi” ni mkutubi kuuawa, au ni mkutubi kuua. “Mauaji ya polisi” vilevile. Kwenye jalada utata huo unaweza kuwa mali: msomaji adhani mkutubi amekufa, kumbe ndiye aliyeua. Lakini ndani ya hadithi, hasa katika maneno ya polisi na ya daktari, tumia “kuuawa kwa mkutubi” ili mtendwa ajulikane. Maktaba yenyewe ni mahali, kwa hiyo ipe kiambishi cha mahali. “Mauaji Maktabani” ni maneno mawili tu, na hakuna atakayecheka.

Hiyo -ni inakufungulia mlango ambao usiuache, kwa sababu nomino yenye -ni huleta pa-, ku- na m-. Maktabani pana maiti: ni pale, mahali mahsusi. Maktabani kuna maiti: ni huko, bila kusema sehemu gani. Maktabani mna maiti: ni mle ndani. Tofauti hizo zinaingia pia katika kauli ya mtu anayejitetea. “Nilikuwapo”, “nilikuwako” na “nilikuwamo” si kitu kimoja. Mtu anayeulizwa alikuwa wapi saa ya tukio akajibu “nilikuwako maktaba” amekiri kwamba alikuwa maeneo yale, labda kwenye maegesho ya magari. Akiteleza akasema “sote tuliokuwamo tulisikia kishindo”, amejiweka ndani ya chumba. Hapo mkutubi mwenye sikio la lugha tayari ana kitu. Tahadhari moja tu: wasemaji wengi wa bara, na magazeti pia, hutumia -po (mara nyingi “kuwepo”) kwa kila mahali. Ukitaka -mo iwe dalili ya kweli, mwonyeshe mhusika huyo mapema akizitofautisha vizuri, la sivyo msomaji atasema umemwonea.

Kwa utetezi wenyewe wa “sikuwapo”, usihangaike kutafuta neno moja. Sema “alithibitisha kwamba hakuwapo eneo la tukio”, na kila mtu ataelewa.

Kitenzi cha kuua nacho kina shimo lake. Mtu huuawa: ameuawa, aliuawa, atauawa. “Ameuliwa” unayoisikia mitaani ni kauli ya kutendea, na maana yake hasa ni kwamba mtu ameuliwa kitu chake. “Mkutubi ameuliwa paka” ina maana kwamba mkutubi mzima, paka ndiye marehemu. Katika hadithi yenye paka kosa hilo si dogo. Huyo aliyekufa mwite marehemu watu wanapomzungumzia kwa heshima, maiti polisi wanapoupima mwili, na kamwe usimwite mzoga, neno la mnyama, isipokuwa unataka msomaji ajue msemaji alimchukia. Muuaji mwandike kwa u mbili, kama muuzaji na muuguzi.

Kuhusu washukiwa: maneno yako matatu ni ngazi. Mshukiwa ni mtu ambaye mwingine anamtilia shaka, hata kimoyomoyo. Mtuhumiwa ni yule ambaye tuhuma imeshatamkwa juu yake. Mshtakiwa amefikishwa mahakamani na kusomewa shtaka. Vyombo vya habari vya Kenya hupenda mshukiwa hata pale ambapo vya Tanzania vingeandika mtuhumiwa, kwa hiyo chagua kulingana na wasomaji wako na usichanganye bila sababu. Kwa kisa chako ningefanya hivi: watu wote waliofungiwa maktabani ni washukiwa, mkutubi anapomnyooshea mmoja kidole, huyo anakuwa mtuhumiwa, mshtakiwa mwachie mwandishi wa hadithi za mahakama.

Na hapa kuna mzaha wa lugha wa bure. Kushukiwa kunatokana na kushuku, lakini pia na kushuka. “Usiku ule mkutubi alishukiwa” inaweza kusomwa kwamba watu walimtilia shaka, au kwamba kitu kilimshukia, kama pepo anavyomshukia mtu. Katika hadithi ya Halloween, sentensi hiyo ni nzuri kufungia sura. Katika ripoti ya polisi itawachanganya watu.

Mchunguzi wako asiye askari usimwite jasusi, huyo ni wa mataifa na siri za nchi. Kachero ni askari. Mpelelezi ni sahihi, lakini linabeba kitambulisho mfukoni. Mdadisi linafaa. Ningependelea mpekuzi: kupekua ndiko kuku anakofanya jalalani, na ndiko mtu anakofanya kwenye kurasa na rafu. Anachokiokota, kama tope la kiatu au kadi ya maktaba iliyochanika, ni dalili. Kidokezo ni kile ambacho mtu anakidokeza, nawe mwandishi ndiye mwenye kudokeza. Kielelezo ni dalili iliyokwisha kufika mbele ya hakimu.

Askari nao wapatie vyeo vya huko. Massachusetts ni jimbo, na mji mdogo una mkuu wa polisi wake, hauna OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya kama wa Tanzania. Tena mauaji huko, nje ya miji mikubwa michache kama Boston, huchunguzwa na wapelelezi wa polisi wa jimbo chini ya mwendesha mashtaka wa wilaya. Mkuu wa polisi wa mji hukaa pembeni akinywa kahawa, jambo linalompa mkutubi wako nafasi. Kwa msomaji wa Tanzania, dokeza mapema kwamba jimbo hapa si la uchaguzi.

Kiswahili kinakupa zawadi nyingine kubwa: kiambishi a- hakina jinsia. “Aliingia, akazima taa, akatoka kwa mlango wa nyuma” inaweza kuwa mwanamume au mwanamke, na unaweza kuficha hivyo hadi ukurasa wa mwisho bila kujikakamua. Upande wa pili, ile hila ya hadithi za Kiingereza ambapo shahidi anateleza kwa kutaja kiwakilishi cha kike haifanyi kazi kwetu hata kidogo. Badili hila. Kinachofichua jinsia kwa Kiswahili ni kuoa na kuolewa, Bwana na Bi, shemeji na wifi. Shahidi anayedai hakumwona mtu vizuri kisha akasema “yule hajaolewa” amejifunga. Na wewe mwenyewe usijifunge: waandishi huficha jinsia ya muuaji kurasa mia, halafu “ameoa” inaponyoka katika aya ya maelezo.

Saa zihesabu mara mbili. Maktaba ikifungwa saa 2 usiku, andika hivyo, usiandike saa 8 usiku kwa kuifuata saa ya ukutani. Utakuwa umesogeza mauaji kwa saa 6. Kumbuka pia kwamba maneno yetu ya nyakati yamekatwa kwa jua la karibu na ikweta. Mwishoni mwa Oktoba jua la Boston huzama kama saa 11 na dakika 40 jioni, kwa hiyo saa 12 na nusu tayari ni giza la kutembea na tochi.

Siku nayo ina mtego. Halloween ya 2025 ilikuwa Ijumaa. Kwa wazee wa Mwambao “usiku wa Ijumaa” ni ule unaoanza Alhamisi jua likishazama, kwa sababu usiku hutangulia mchana wake. Msomaji wa Nairobi atauelewa kuwa usiku wa Ijumaa yenyewe. “Usiku wa kuamkia Jumamosi” unaeleweka na kila mtu. Ukitaka mashahidi wawili wapingane bila yeyote kusema uongo, mmoja mtoe Lamu.

Halloween yenyewe iache ilivyo, kwa herufi kubwa, na uieleze mara moja: tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Wakatoliki wataitambua mara moja. Watu huisherehekea. Kuiadhimisha ni kuivisha suti. Ukilazimika kuandika kuadhimisha, angalia tahajia, maana maktabani ndipo maneno haya yanapogongana: kuazima kitabu, kuazimia jambo kwa maana ya kulikata shauri kama katika Azimio la Arusha la 1967, na kuadhimisha siku. Tena “kaunta ya kuazimia vitabu” ni sahihi kabisa, kwa kuwa kuazimia ni kauli ya kutendea ya kuazima. “Aliazimia hapo” basi yaweza kuwa kwamba aliazima kitabu pale, au kwamba palepale alikata shauri la kuua. Ningeitumia bila kusita.

Boga ni boga, au malenge kwa wasomaji wa Kenya. Mboga ni kitoweo. Sema “boga lililochongwa macho na mdomo, mshumaa ukiwaka ndani”. Uso wa bandia uwe kinyago au sura ya bandia. Barakoa si kosa, lakini tangu 2020 linampeleka msomaji hospitali. Mwanamke mwenye kofia ndefu nyeusi ni “aliyevaa kama mchawi”. Usikate ukasema “mchawi”: Usukumani vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na neno hilo likiachwa peke yake wepesi wa kisa chako unakwisha.

Mwenye shuka jeupe, basi. Mzimu kwa jamii nyingi ni wa wahenga, hutambikiwa, hauombi pipi mlangoni. Mzuka, kutoka kuzuka, ndio unaofaa kwa kitu kinachotokeza ghafla kati ya rafu, ingawa vijana wa Dar es Salaam watakumbuka mzuka wao wa kupandwa na hamasa. Yote mawili ni ya ngeli ya U-I: mzuka ulisimama, ulicheka. Ila kwa kiumbe anayetenda kama mtu, wasimulizi humpa pia a-: mzuka alisimama. Itumie tofauti hiyo. Wote maktabani waseme “mzuka ulipita hapa”, na mkutubi peke yake, tangu sura ya pili, aseme “mzuka alipita hapa”. Msomaji makini atajua kwamba mkutubi hajawahi kuamini kama ni mzuka.

Mwisho wa hadithi, usiandike kwamba “alitatua mauaji”. Hutatuliwa tatizo. Mauaji yana fumbo lake, na fumbo hufumbuliwa, kama kitendawili kinavyoteguliwa: kiishio hicho cha -ua hufungua kilichofungwa. Wakishakusanyika wote mbele ya kaunta, wakikisia na kushindwa, mkutubi wako hahitaji hotuba ya kuanzia. Avue miwani aseme, “Nipeni mji.”