Ardhi za watawa wa Uingereza hazikugawiwa bure tu

Ndugu, umeuliza kama mfalme Henry VIII wa Uingereza aliwagawia tu rafiki zake ardhi za monasteri, yaani nyumba za watawa. Wachache walipewa zawadi, ni kweli, lakini nyingi ziliuzwa, na kwa makaratasi mengi.

Mwaka 1535 Thomas Cromwell, waziri mkuu wa mfalme, alituma makamishna kuorodhesha mapato ya kanisa nchi nzima. Mwaka uliofuata sheria ilifunga nyumba za watawa zenye mapato chini ya pauni 200 kwa mwaka, mali zao zikawa za mfalme, na ikaundwa idara maalumu ya kuzisimamia, Court of Augmentations, chini ya Richard Rich. Ilikuwa na wapokeaji wa mapato 17 na wakaguzi wa hesabu 10 waliogawana wilaya.

Aliyetaka kununua aliomba kwanza taarifa ya mkaguzi: shamba lipi, mpangaji nani, kodi kiasi gani. Miti ilithaminiwa kivyake. Bei ya kawaida ilikuwa kodi ya miaka 20, kwa hiyo shamba la kodi ya pauni 10 lilikwenda kwa 200. Madini ya risasi yaliyoezekwa kwenye mapaa, pamoja na kengele, mfalme alijiwekea.

Ila mtego ulikuwa kwenye hati. Wengi walimiliki kwa sharti la utumishi wa kijeshi kwa mfalme. Ukifa mrithi wako akiwa mtoto, mfalme anakuwa mlezi wake na anashika mali. Umelipa bei kamili, bado anarudi kuvuna! Vita vya miaka ya 1540 ndivyo vilivyoharakisha kuuza. Idara yenyewe ikamezwa na hazina mwaka 1554.