Jibu: Lazima nimalize upasuaji wa jumla kwanza?

Dakta, umeuliza kama lazima umalize upasuaji wa jumla kabla ya kuingia upasuaji wa plastiki. La. Chuo Kikuu cha Nairobi kina MMed (shahada ya uzamili ya udaktari) ya fani hiyo yenyewe, ukishamaliza intanshipu na kusajiliwa. Njia ya pili ni COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini: miaka 2 ya misingi hadi mtihani wa MCS (uanachama wa chuo), kisha 3 ya plastiki hadi FCS (cheo cha ubingwa), ukiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa.

Ila kama kinachokuvuta ni pua na matiti ya wenye pesa zao, jipange upya. Pale Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, utaishi na majeraha ya moto: watoto waliomwagikiwa chai, watu wazima waliolipukiwa na gesi. Utachuna ngozi ya paja na kuipandikiza kifuani mpaka uiote usiku. Halafu midomo sungura, vidonda vya kulala kitandani (hivi havina mpenzi), na mikono. Mwaka 2018 ni hapo hapo kijana wa Kiambu alirudishiwa mkono uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Mishipa ya mkono kama huo hushonwa chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele.

Kabla ya kutuma maombi, omba ruhusa ushinde wiki moja chumba cha kubadilishia bandeji za walioungua.