Uzito Mmoja, Mikono Tofauti

SWALI: Mhariri, mimi hushiriki mchezo wa kulenga visahani vya udongo hapa Nakuru. Bunduki yangu ya marisau na ile ya shemeji yangu zina uzito sawa wa kilo 3.4, lakini yake huniwia nzito kila ninapoizungusha kufuata kisahani. Je, mizani inadanganya?
Msomaji, Njoro

JIBU: Ndugu msomaji, mizani haidanganyi, ila haisemi uzito umekaa wapi. Shika jembe karibu na chuma ulizungushe, kisha ulishike mwisho wa mpini: jembe ni lile lile, lakini mkono utalalamika. Bunduki yenye mtutu mrefu, tuseme sentimita 76 badala ya 71, mara nyingi huelemea mbele. Huchelewa kuanza kuzunguka, lakini ikishaanza huenda kwa utulivu na haisimami ovyo, jambo linalofaa kwa visahani vinavyopita mbali. Ile ambayo uzito wake umekusanyika katikati ya mikono miwili hugeuka upesi, ingawa pia hutikisika upesi.

Hakikisha bunduki haina risasi, kisha ipime juu ya kidole. Nyingi hutulia karibu na bawaba, pale bunduki inapokunjuka ili kufunguliwa. Hata hivyo, usidhani kipimo hicho kinatosha. Wapo wanaotia vipande vya madini ya risasi ndani ya kitako, ile sehemu ya nyuma inayoegemezwa begani, ili kusawazisha mtutu mzito, na kweli kitovu cha uzito hurudi nyuma, lakini ncha zote mbili zikiwa nzito bunduki huzidi kuwa ngumu kuizungusha. Kabla ya kuongeza uzito wowote, mimi ningeanza kwa kuangalia kama urefu wa kitako unakufaa.