Maswali yenu: ziwa, mabido na mtoto asiyepiga kelele

Niliomba wasomaji waniandikie kuhusu ziwa letu la Kivu na watu wanaozama. Mimi ni muuguzi hapa Goma, mashariki mwa Kongo, nilidhani nimesikia yote, lakini sikutegemea uchungu mwingi namna hii. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, na majina yote nimeyaacha.

Watoto wangu wawili, wa miaka 9 na 12, wanashuka ziwani kila asubuhi na mabido (madumu ya maji) kwa sababu robine (bomba) ya kwetu imekauka. Mwezi uliopita mtoto wa jirani alizama pale pale tunapochota. Watu walikuwa wamejaa na hakuna aliyesikia kitu. Inawezekanaje? (Mama, Kyeshero)

Mama, poleni sana kwa msiba huo. Inawezekana, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Tunaamini anayezama atapiga kelele, atapunga mikono, atarusha maji huku na huku. Anayefanya hivyo yuko hatarini, lakini bado ana pumzi. Anayezama kwelikweli hana pumzi ya kuitia. Mdomo unajitokeza juu ya maji kitambo kidogo, anavuta hewa, anashuka tena, na hapo katikati hapana nafasi ya neno hata moja. Mikono haipungi, inakandamiza maji pembeni kama mtu anayetafuta ngazi isiyokuwepo. Kichwa kimelala nyuma, mdomo wazi usawa wa maji, macho yako wazi ila hayamwoni mtu. Kwa mtoto mambo haya yanaweza kwisha chini ya dakika moja, na aliye mita tano pembeni akisugua sahani asigundue.

Nilikuwa na miaka 11 tulipompoteza rafiki yetu. Tulikuwa watano, tunashindana nani atakaa zaidi chini ya maji. Yeye hakutoka. Tuliendelea kuhesabu kwa sauti tukidhani anashinda. Ndiyo maana mchezo huo wa kubana pumzi nawaomba muukataze kabisa, hata kwa watoto wanaojua kuogelea, kwa sababu mtu anaweza kuzimia chini ya maji bila kuhisi dalili yoyote kwanza.

Sasa kuhusu hapo mnapochota. Kivu si ziwa la kuteremka polepole. Katikati lina kina kinachozidi mita 480, na sehemu nyingi za ukingo wake zinaporomoka ghafla: hatua moja maji yako magotini, hatua ya pili huna pa kukanyaga. Mawe yetu ya volkano yakishika ute yanateleza kama sabuni. Mtoto wa miaka 9 anayeinamia bido la lita 20 anashika kitu ambacho kikijaa kinakaribia uzito wake mwenyewe. Likimvuta, halitamwachia muda wa kufikiri.

Mpe bido la lita 5, hata kama ataenda mara nyingi. Wa miaka 12 asikubali wote wawili wawe majini kwa pamoja: mmoja anachota, mwingine amesimama kavu, anamwangalia. Na mzungumze na wamama wa avenyu yenu mpange zamu, kila asubuhi mtu mzima mmoja asichote, asifue, asishike simu, kazi yake iwe kuhesabu vichwa. Najua kila mtu ana haraka ya soko. Lakini watu hamsini wakiwa na shughuli zao, mtoto hana mwangalizi hata mmoja. Watoto wakicheza majini huwa na kelele. Wakinyamaza, geuka uangalie.

Ninajua kuogelea vizuri. Nikimwona mtu anazama, niruke? (Kijana, Himbi)

Ndugu yangu, subiri kwanza. Anayezama atashika chochote kilicho karibu akipande ili apate hewa, na kitu hicho utakuwa wewe. Atakukumbatia shingoni kwa nguvu ambazo hukuzitegemea, hata awe binti mwembamba. Kuna familia zimezika wawili kwa sababu ya moyo mwema wa mmoja.

Kelele yako ndiyo silaha ya kwanza: ita watu, waite wenye mitumbwi. Akiwa karibu, lala kifudifudi kwenye jiwe umnyooshee mti, kasia, kitenge, shati. Akiwa mbali, mrushie kitu kinachoelea. Hapa Goma hatukosi: bido tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri linaweza kumshikilia mtu mzima juu ya maji. Tia maji kidogo ndani, kama lita moja, ili liruke mbali lisipeperushwe na upepo, na ulifunge kamba ndefu kwenye mshikio wa bido. Ningependa kila mahali tunapochota maji pawe na bido moja la namna hiyo limetundikwa, lina kamba, na mtu asilichukue kwenda kuchotea. Gharama yake ni ndogo kuliko sanduku la msiba.

Wanasema walio chini ya ziwa wanavuta watu. Wengine wanasema ni mamba muntu, kile kiumbe cha majini cha hadithi, vijana wanasema ni gazi. Ukweli ni upi? (Mzee, Nguba, Bukavu)

Mzee, kuhusu mamba muntu sitabishana na wewe. Hadithi zake tumezikuta kwa wazee wetu. Ninachoona kazini ni kwamba waliozama wengi walikuwa watoto wasiojua kuogelea, vijana waliokunywa kasiksi (pombe ya ndizi) kabla ya kuingia majini, au wasafiri wasiokuwa na jile (koti la kuelea). Hiyo inatosha kueleza vifo vingi bila kumsingizia mtu.

Gazi lipo kweli. Kivu lina gesi ya kaboni na metani nyingi, lakini imeyeyuka katika maji ya chini sana, na uzito wa maji yaliyo juu unaibana huko. Wenzetu wa Rwanda wanaotoa metani hiyo kufua umeme pale Karongi wanashusha mabomba zaidi ya mita 300. Gesi hiyo haimshiki muogeleaji miguu pale Muhanzi.

Ila kuna kitu kingine, na hiki watu wa Goma wakisikilize. Mazuku. Hii ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini kwenye nchi yetu ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala kwenye mabonde madogo, mashimo na nyufa za mawe, hata kando ya ziwa, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Haina rangi, na huwezi kutegemea pua ikuonye. Ukiona panzi, mijusi au ndege wamekufa shimoni, usishuke. Usipeleke mtoto kujisitiri humo. Na ukimwona mtu ameanguka ndani, usikimbilie kumtoa, maana mtu wa pili huanguka juu ya wa kwanza. Ita watu wengi, mvuteni kwa kamba au ndoano mkiwa mmesimama juu.

Ninafanya biashara kati ya Minova na Goma. Boti zinajaa, jile hazitoshi, na waliovaa wanachekwa. Nifanye nini? (Dada mfanyabiashara)

Dada, tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ikiwa inakaribia kutia nanga bandari ya Kituku, hapa Goma. Watu waliokuja kupokea ndugu zao walikuwa wamesimama nchi kavu wanaona. Makumi walikufa, mbele ya macho yao. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, kwa hiyo kila mtu na kila gunia vilipitia majini. Miaka mitano kabla, Aprili 2019, boti nyingine ilizama upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi akafika huko, ikasisitizwa kwamba kila abiria avae jile. Agizo tunalo. Lakini agizo haliwezi kukufunga kamba kifuani.

Kama biashara yako inakuruhusu, nunua jile yako mwenyewe, uibebe kama unavyobeba pochi ya pesa. Ivae nchi kavu kabla ya kupanda, funga kamba zote, kisha mwambie mwenzako aivute juu mabegani: ikipanda hadi masikioni ni kubwa mno, au umeilegeza. Jile iliyo chini ya mzigo haina faida, boti ikipinduka hakuna atakayeifikia. Mtoto apate ya kipimo chake; ya mtu mzima itamtoka kichwani. Usimfunge mtoto mgongoni kwa kitenge ndani ya boti. Najua ndivyo tunavyowabeba siku zote, ila mkianguka uso wake unaweza kubaki ndani ya maji wakati wa kwako uko juu. Mshike mbele, naye avae yake.

Ukikuta maji yamekaribia ukingo wa boti kabla haijaondoka, shuka. Ndiyo, utapoteza nauli na labda siku ya soko. Na mnapokaribia bandari msisimame wote upande mmoja kuchungulia. Uzito ukihamia upande, boti iliyojazwa kupita kiasi inalala. Wanaokucheka wacheke.

Mtoto wangu ana mwaka mmoja na nusu. Hatukai karibu na ziwa, tunakaa Kadutu. Nina sababu ya kuogopa? (Mama)

Ndiyo, mama. Beseni. Mtoto wa umri huo kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinamia ndoo au beseni la kufulia anatumbukia kichwa na hawezi kujiinua. Maji ya sentimita 5 yanatosha kufunika pua na mdomo. Mwaga maji ukimaliza kazi, funika pipa na tangi kwa kitu kizito, funga mlango wa choo cha shimo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo walikuwa hawajafika miaka 5.

Kaka yangu ana kifafa na anapenda ziwa. Tumkataze?

Asiingie peke yake, kamwe, na asiingie siku aliyokosa dawa au usingizi. Aingie na mtu mzima anayeogelea vizuri, anayejua hali yake, aliye umbali wa mkono. Nyumbani aoge kwa ndoo na kopo, mlango usifungwe kwa ndani.

Mtu akitolewa majini tunamning'iniza miguu juu, tunamkanyaga tumbo maji yatoke. Ni sawa? (Mvuvi wa sambaza, Goma)

Baba, hapana. Nakuomba uwaambie wavuvi wenzako wote wa usiku. Shida yake ni hewa. Maji ya tumboni hayamuui, lakini ukimbana tumbo atatapika, na matapishi yataingia mapafuni. Kila dakika mnayomning'iniza ni dakika ambayo ubongo haupati hewa, na baada ya dakika nne hadi sita hivi unaanza kuharibika.

Mlaze chali mahali pagumu. Mwite, mtikise bega. Hajibu? Inua kidevu, rudisha kichwa nyuma kidogo, angalia kifua na sikiliza pua. Kama hapumui, au anatweta tu kama samaki, mbane pua, weka mdomo wako juu ya mdomo wake umpulizie mara 5 ukiona kifua kinapanda. Halafu mikono miwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka mara 30, kila sekunde karibu mara mbili, kifua kishuke kama sentimita 5. Puliza mara 2. Tena 30, tena 2. Kwa mtoto mdogo tumia mkono mmoja. Povu likitoka mdomoni usipoteze muda kulifuta, endelea. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha, mrudishe chali. Mkichoka pokezaneni, na msiache mpaka apumue au wauguzi wafike.

Akianza kupumua, mlaze ubavu, vua nguo zenye maji, mfunike. Kisha hospitali, hata akisema amepona na anataka kurudi nyumbani. Mapafu yaliyoingiwa na maji yanaweza kumlemea saa kadhaa baadaye: kikohozi kisichoisha, kupumua kwa shida, usingizi usio wa kawaida. Nimewaona waliokuja kwa miguu yao saa nne baada ya kutolewa ziwani, wakihitaji oksijeni.

Mvua ikinyesha Bukavu, barabara inakuwa mto. Tupite na moto (pikipiki)? (Motari)

Usipite. Maji yanayokimbia yakifika sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na chini ya tope huoni kama mtaro bado una kifuniko. Mwambie abiria wako mngoje. Waliokuwa Bushushu na Nyamukubi, vijiji vya Kalehe vilivyopigwa na mafuriko Mei 2023, hawakupewa nafasi ya kungoja, wewe unayo.

Nina miaka 43, nimezaliwa kando ya Kivu na naogopa maji mpaka magotini. Nimechelewa? (Mama, Birere)

Hujachelewa, dada. Usianze na kuogelea, anza na kuelea. Tafuta mtu unayemwamini anayejua maji, mahali palipo tulivu, maji yafike kiunoni, mchana upepo ukiwa umetulia. Kwanza ingiza uso majini utoe pumzi kwa mdomo, mara nyingi, siku nyingi kama itahitajika. Kisha lala chali yeye akikushika chini ya mgongo na kichwa. Masikio yaingie majini. Hapo ndipo wengi wanaposhtuka na kuinua kichwa, na kichwa kikiinuka miguu inazama. Angalia mawingu, tandaza mikono, jaza kifua hewa. Siku moja atatoa mkono bila kukuambia. Ukifika kuhesabu hadi 30 peke yako, niandikie.