Urani, vyuma chakavu na taka za mionzi: maswali yenu wiki hii

Uganda ina urani ardhini. Kwa nini tusiichimbe na kuitia kwenye kinu cha nyuklia kinachopangwa kujengwa Buyende? (Msomaji, Kamuli)

Kwa sababu mwamba si fueli, kama vile muwa si sukari, na hilo watu wa Kamuli wanalijua vizuri. Katika urani ya asili, ile aina ya 235 inayopasuka kwa urahisi ni asilimia 0.7 tu, vinu vingi vya leo vinataka asilimia 3 hadi 5. Mawe husagwa, urani ikatolewa kwa asidi ya salfuriki na kukaushwa kuwa unga wa manjano. Unga huo huunganishwa na florini, nao mchanganyiko ukifika nyuzijoto 57 hivi huwa gesi. Gesi hupitishwa kwenye mitungi mingi inayozunguka kwa kasi kubwa mno, urani nyepesi ikajitenga na nzito kidogo kidogo. Hapo kinachotisha zaidi ni kemia kuliko mionzi: gesi ikivuja na kukutana na unyevu wa hewani huzaa asidi inayounguza mapafu. Mwishowe hupatikana unga wa oksidi, ambao hukandamizwa kuwa vidonge vya urefu wa sentimita 1 hivi, vikachomwa kwa takriban nyuzi 1,700 na kupangwa ndani ya mirija ya zirkoniamu.

Kinu cha megawati 1,000 hula karibu tani 25 za fueli kwa mwaka, zitokanazo na tani 200 hivi za urani ya asili. Kwa mahitaji hayo madogo, kujijengea mtambo wa kurutubisha, yaani wa kuongeza kiwango cha ile 235, ni hasara. Nchi nyingi zenye vinu hununua tu. Na wanaoshangilia urani yetu waulizwe kwanza kuhusu tope la mgodini. Radiamu hubaki humo, ikitoa gesi ya radoni kwa maelfu ya miaka.

Nanunua vyuma chakavu Katwe. Nitajuaje nimeletewa kitu chenye mionzi?

Swali hili ni la haraka kuliko yote, maana kinu bado ni mpango, lakini vyanzo vidogo vya mionzi viko nchini tayari: vipimo vya ushindiliaji wa barabara, vipimo vya viwandani, mashine za kutibia saratani.

Mionzi haina harufu. Dalili yako ya kwanza ni uzito usiolingana na ukubwa, kwa sababu vyanzo hivi hufunikwa kwa metali ya risasi, na lita moja ya risasi ina kilo 11. Kitu cha ukubwa wa jerikani ya lita 5 kikiwa na uzito wa kilo 50 hivi, simama hapo. Tafuta alama ya mabawa matatu kuzunguka kiduara, kwa kawaida juu ya rangi ya manjano. Usiitegemee peke yake, rangi hubanduka.

Usikifungue, usikikate kwa gesi, usitie mfukoni kipande chochote king'aacho. Ondoka na uwaondoe wengine: kwa chanzo kidogo, mita 10 hukupa sehemu moja ya mia ya mionzi ya mita 1. Nawa mikono kabla ya kula au kuvuta sigara. Piga simu polisi na Baraza la Nishati ya Atomiki, lililoundwa kwa sheria ya 2008. Aliyekileta usimfukuze nacho. Andika amekitoa wapi.

Mjini Goiânia, Brazili, mwaka 1987, watu walibomoa mashine ya saratani iliyoachwa kwenye kliniki tupu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137 uliotoa mwanga wa buluu gizani, wakagawiana. Watu wanne walikufa. Unga ule ulikuwa wa kloridi, unaoyeyuka majini kama chumvi, ndiyo maana ulienea upesi kwenye mikono, vyombo na sakafu. Kitu cha namna hiyo kikiingia tanuri, sesiamu hupanda na vumbi la moshi, ilhali kobalti hubaki ndani ya chuma chenyewe na kuuzwa kama nondo.

Wengine husema chanzo cha zamani kimekwisha nguvu. Kobalti-60 hupungua nusu kila miaka 5.3, kwa hiyo baada ya miaka 21 hubaki sehemu moja ya 16. Hospitali haikitaki tena, lakini bado kinaweza kuua.

Kinu kikizimwa, maji bado ni ya nini? (Jinja)

Mpasuko wa atomi za urani husimama, lakini mabaki yake huendelea kutoa joto. Kinu cha megawati 1,000 za umeme huzalisha kama megawati 3,000 za joto. Dakika ile kinapozimwa hubaki asilimia 6 au 7, yaani joto la megawati 200 hivi. Umeme wote wa bwawa la Isimba ni megawati 183! Kesho yake bado zipo 15 hivi. Fukushima, mwaka 2011, vinu vilizimika vyenyewe vizuri. Tsunami ndiyo iliyozamisha jenereta za kuendesha pampu. Kwa hiyo mkikutana na wahandisi, ulizeni jenereta za dharura zimewekwa wapi.

Taka za wagonjwa waliopewa iodini yenye mionzi tuzihifadhi muda gani? (Muuguzi, Kampala)

Kanuni ya kazi ni nusu-maisha kumi (nusu-maisha ni muda wa mionzi kupungua nusu), ambapo hubaki chini ya sehemu moja ya elfu. Iodini-131 ina siku 8, hivyo siku 80. Teknetiamu-99m ina saa 6, hivyo saa 60. Kosa la kila siku ni kuzichanganya: mfuko mmoja wenye glavu moja ya iodini utakaa siku 80 wote, na chumba kitajaa. Andikeni jina la dawa na tarehe. Kabla ya kutupa, pimeni mfuko mbali na vyanzo vingine. Usomaji ulingane na wa chumba kitupu. Bandueni alama ya mionzi, la sivyo mzoa taka atazua taharuki. Sindano bado ni sindano, zifuate njia yake.

Na fueli iliyotumika, itazikwa kwetu? (Buyende)

Kwanza hukaa bwawani miaka 5 au zaidi, kisha kwenye makasha makavu ya chuma na zege, hapo hapo kinuni, kwa miongo. Finland imechimba hifadhi ya Onkalo zaidi ya mita 400 mwambani. Ufaransa, kule La Hague, huiyeyusha kwa asidi ya nitriki ili kuokoa urani na plutoniamu, lakini mabaki makali huyeyushwa pamoja na kioo na bado yanahitaji kaburi. Bangladesh ilikubaliana na Urusi iichukue fueli iliyotumika ya kinu cha Rooppur. Kipengele kama hicho kidaiwe kabla mkataba haujatiwa saini.

Mashine ya eksirei iliyoharibika ni taka ya mionzi? (Gulu)

Hapana. Bila umeme haitoi mionzi yoyote. Angalieni tu risasi na mafuta ya transfoma yaliyomo.