Barua kwa mwanangu: cheti cha ndoa peke yake hakitoshi

Mwanangu mpendwa,

Nimeipata barua yako. Unauliza kwa nini USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, wanataka ushahidi zaidi wa ndoa, ilhali mlishapeleka cheti na picha za harusi pamoja na Fomu I-130, ambayo mkeo anakuombea wewe kama mumewe, na I-485, ombi lako mwenyewe la grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Cheti kinathibitisha tu kwamba mlioana kihalali. Ofisa anataka kujua kama siku ile mlikusudia kuishi mume na mke au mlikuwa mnatafuta makaratasi. Nia haionekani kwa macho, kwa hiyo anaitafuta katika nyaraka ambazo watu wanaoishi pamoja hujikuta nazo bila kukusudia.

Uzito uko kwenye nyumba na fedha. Tafuteni mkataba wa pango wenye majina yenu wote wawili, bili, bima ya gari au ya afya, na karatasi inayoonyesha kwamba mkeo amekuandika mrithi kwenye bima yake ya maisha. Akaunti ya pamoja inasaidia ikiwa inatumika. Iliyofunguliwa juzi, ikatiwa dola 500 na kuachwa, inazidisha mashaka. Ile ambayo mishahara inaingia, pango linatoka, na katikati kuna manunuzi madogo madogo ya jikoni na mafuta ya gari, haihitaji maelezo. Toeni taarifa za miezi mfululizo, msichague mwezi mmoja uliopendeza.

Angalieni pia ritani za kodi. Anayekuwa kwenye ndoa tarehe 31 Desemba kwa kawaida huhesabiwa ameoa au ameolewa kwa mwaka mzima, iwe mnajaza pamoja au kila mtu kivyake. Kama mkeo alijaza kwamba hajaolewa, airekebishe sasa kwa Fomu 1040-X kabla hajaulizwa.

Kinachowaponza wengi ni anwani. Leseni inasema huku, benki kule, fomu kwingine kabisa. Pangeni karatasi zote mezani mzilinganishe, na panapotofautiana andikeni maelezo mafupi yenye saini: nani alihama, lini, kwa nini. Kuishi mbalimbali kwa ajili ya kazi si kosa, ila mwonyeshe tiketi za kutembeleana.

Picha kumi na tano au ishirini zinatosha, za nyakati tofauti, mkiwa na ndugu na marafiki, kila moja na tarehe, mahali na majina. Mia mbili za siku moja ya harusi ni siku moja tu. Ujumbe wa simu nao msiuchape wote. Kurasa chache kwa kila kipindi, tarehe zikionekana. Ulioandikwa kwa Kiswahili lazima utafsiriwe wote kwa Kiingereza, na mfasiri atie saini kuthibitisha kwamba anazimudu lugha hizo na kwamba tafsiri ni kamili na sahihi.

Mashahidi wenu waandike jina kamili, anwani, tarehe na mahali walipozaliwa, na walivyoyajua wanayoyasema. "Wanapendana sana" haina kazi. "Nililala kwao wiki nzima walipohamia" ina kazi.

Jibuni kwa mkupuo mmoja, barua ya USCIS ya kudai ushahidi ikiwa juu, ndani ya tarehe waliyoandika. Mkipeleka nusu, wanaweza kuamua kwa hiyo nusu.

Mkiitwa kwenye usaili, mnaweza kutenganishwa na kuulizwa maswali yale yale: nani huamka kwanza, mlikula nini jana, nani hulipa bili. Msikariri. Usichokumbuka sema hukumbuki, maana kubahatisha ndiko kunakozaa majibu yanayogongana. Na asije mtu akawashauri kutengeneza karatasi. Ndoa ya udanganyifu ina kifungo hadi miaka 5 na faini hadi dola 250,000, na anayethibitika kuifanya maombi mengine ya ndugu au mwajiri kwa ajili yake hukataliwa.

Siku ya kukubaliwa, kama ndoa yenu haijatimiza miaka 2, utapewa grini kadi ya masharti ya miaka 2. Mtajaza pamoja Fomu I-751, ya kuomba masharti hayo yaondolewe, ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha, na ushahidi utaulizwa upya. Tengeni bahasha ya bili na taarifa za benki tangu mwezi huu.

Msalimie sana mkwe wangu.

Mama yako